Mnyoo wa Tumbawe na Mvuvi wa Baruti

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa bara na bahari. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad:

Enyi ndugu Waislamu wa Tanga na Pangani, jueni kwamba katika viumbe vya baharini yuko mnyoo bapa, mwembamba mfano wa jani, alaye nyama hai ya tumbawe. Wataalamu walimpa jina Amakusaplana acroporae mwaka 2011, kisha akaonekana katika miamba ya Australia. Hila yake ni rangi: rangi ya kile alacho hudhihiri mwilini mwake, hata jicho likapita juu yake lisimwone. Na mayai yake huyataga juu ya mfupa mtupu wa tumbawe.

Mfano wake katika pwani hii ni mvuvi wa baruti. Sheria ilimkataza, mwaka 2009 ikawekwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, naye kwa miaka mingi akaendelea. Ni nini kilichomficha? Ni rangi. Alikuwa mwana wa mtu na jirani wa mtu, akisimama safu moja na watu msikitini. Samaki wake akanunuliwa, na aliyejua akanyamaza.

Wako wasemao: maiti ya bahari ni halali, basi kosa li wapi? Jawabu: katika madhehebu ya Imamu Shafii, samaki aliyekufa baharini ni halali kuliwa, lakini uhalali wa nyama si uhalali wa kitendo. Achinjaye kwa kisu cha kunyang'anya, nyama yake yaliwa, naye ana dhambi ya unyang'anyi. Na mwenye baruti amewanyang'anya wenye mishipi na madema, na watoto wasiozaliwa bado. Kwani mlipuko huua wakubwa na wadogo, wengi huzama wasiokotwe, na tumbawe livunjikalo mara moja, aina zake nyingine hukua kiasi cha sentimeta 1 tu kwa mwaka. Naye anunuaye hali ajua, amemsaidia katika dhambi, na Surat Al-Maida imekataza kusaidiana katika dhambi.

Dola ilipokaza mkono katika miaka ya 2016 na 2017, milio ilipungua sana. Lakini zingatieni: wafugao matumbawe katika matangi ya vioo huyaosha kwa dawa, mnyoo akaanguka, na mayai yakabaki mazima, yakaanguliwa tena. Mayai ya baruti ni tamaa ya mnunuzi na kimya cha jirani.

Basi mwenye kuona samaki aliyevunjika uti wa mgongo, tumbo limejaa damu, na aulize kabla hajatoa fedha. Na mwenye kumjua mtendaji amnasihi kwa siri. Asiposikia, awaendee wazee. Asiposikia tena, awaendee wenye amri. Huko si kumfedhehi ndugu, bali ni kumzuia asidhulumu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa walinzi wa neema zake. Amin.