MIZANI YA KAZI ZA WOTE

Hotuba ya Ijumaa

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake wote. Ammaa baad.

Enyi ndugu waislamu, nawausia ninyi na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tuzungumze juu ya kazi kubwa zinazofanywa kwa jina la watu wote: barabara, madaraja, masoko, mabwawa ya umeme. Wako wanaosema: maendeleo ni maendeleo, mwenye kubomolewa nyumba avumilie. Wako wanaosema: kila mradi ni wizi, bora usije. Uislamu haukubaliani na hawa wala na wale. Uislamu unatuambia tupime.

Katika Sura ar-Rahman, Mwenyezi Mungu ametaja mizani pamoja na kuinuliwa kwa mbingu, na akatukataza kuipunja. Mizani hiyo si ya muuza mchele peke yake. Hata mwenye kuamua juu ya mto, msitu na makazi ya watu anayo mizani mkononi, na ataulizwa.

Tuanze na upande wa faida. Wakati wa Sayyidna Umar (r.a.), ad-Dahhak bin Khalifa alitaka kupitisha mfereji wa maji katika shamba la Muhammad bin Maslama. Mwenye shamba akakataa. Umar akamwuliza kwa nini anamzuia ndugu yake jambo lenye faida kwa wote wawili, na yeye halimdhuru kitu. Alipoendelea kukataa, Umar akaamuru mfereji upite. Basi kukataa kazi ya manufaa kwa ukaidi tu si haki. Lakini angalia vema: Umar aliuliza kwanza nani atafaidika na nani ataumia, kisha ndipo akahukumu.

Sasa upande wa gharama. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina, kazi ya kwanza ya watu wote ilikuwa msikiti. Kiwanja kilikuwa cha mayatima wawili, Sahl na Suhail, mahali pa kukaushia tende. Wao walitaka kukitoa bure. Mtume alikataa mpaka kilipwe bei yake. Ndugu zangu, ikiwa hata nyumba ya Mwenyezi Mungu haikujengwa juu ya kiwanja cha yatima bila malipo, ni barabara gani au bwawa gani lenye heshima kuupita msikiti ule?

Tutazame inchi yetu ya Kongo. Bwawa la Inga 1 lilianza kazi mwaka 1972, na Inga 2 mwaka 1982. Faida yake haifichiki: Kinshasa inapata umeme kutoka huko. Lakini familia zilizoondolewa kwenye ardhi ya Inga zilidai fidia yao miaka makumi, na waliokuwa vijana wakazeeka wakiidai. Tena ulivutwa waya wa umeme karibu kilometa 1.700 mpaka Kolwezi, kwa ajili ya migodi ya shaba. Waya ule ulipita juu ya vijiji vingi, na watu wa chini yake wakabaki na koroboi. Deni la kazi ile lilikuwa la taifa zima, na mwanakijiji wa gizani naye amo ndani ya deni hilo.

Je, tuseme basi umeme usijengwe? Hapana. Mahali pasipo na umeme mama anapika na makala, na makala ni miti. Kilima kikiisha miti, mvua inashusha udongo juu ya nyumba. Kwa hiyo hata kukaa bila mradi kuna gharama yake, nayo inalipwa na maskini. Ndiyo maana wanazuoni wametufundisha kanuni mbili: kuondoa madhara kunatangulia kutafuta faida, na dhara haliondolewi kwa kuleta dhara lingine lililo sawa nalo.

Jambo hili si la zamani tu. Mwezi wa Juni 2025 Benki ya Dunia ilikubali dola milioni 250 kwa programu ya kutayarisha Inga 3. Na sheria za inchi zipo. Katiba ya 2006, kifungu cha 34, inasema mtu haondolewi kwenye mali yake ila kwa faida ya wote, na fidia ya haki itangulie. Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 inataka uchunguzi wa madhara kwa watu na kwa mazingira ufanywe kabla ya mradi, na wananchi wasikilizwe. Haki hiyo tusiiache ilale ndani ya karatasi.

Ndugu zangu, sisi tufanye nini? Watu wa mradi wakiita mkutano, twende, na wamama waende, maana wao ndio wanaojua maji yanachotwa wapi. Tuulize: nani atapata, nani atapoteza, atalipwa lini, na mto utakuwaje baada ya miaka ishirini? Asiyejua kusoma asitie kidole kwenye karatasi kabla ya kusomewa na mtu anayemwamini. Na wewe mzee wa mtaa, ukipokea bahasha ukatia sahihi kwa niaba ya majirani, umeuza kisicho chako.

Na upande wa pili pia kuna dhuluma. Mtu akisikia barabara itapita, anasimamisha kibanda usiku ili ahesabiwe katika fidia. Huyo naye anakula haramu, na anampunguzia fungu mjane aliyebomolewa nyumba ya kweli.

Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba mwenye kunyang'anya ardhi kwa dhuluma, hata kiasi cha shubiri moja, atavishwa shingoni siku ya Kiyama ardhi saba. Onyo hilo halikumtoa mkubwa wala mdogo, ofisi wala jirani.

Ee Mwenyezi Mungu, wape viongozi wetu uadilifu, utupe sisi ujasiri wa kusema haki na subira ya kuifuata. Walipe waliodhulumiwa, uihifadhi mito yetu na misitu yetu kwa watoto wetu. Amin. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.