Kumlisha Marehemu Maneno

Mwishoni mwa Julai 1905, katika kijiji cha Nandete kwenye milima ya Matumbi, bara ya Kilwa, wanaume wawili waliingia katika shamba la pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima, wakang'oa mashina machache. Majina yao yanajulikana: Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Maana ya kitendo chao inajulikana pia, kwani Vita vya Maji Maji vilianzia hapo. Lakini njiani walisemezana nini? Nani aliinama kwanza? Hakuna karatasi inayosema, na waliokuwapo wamekwisha kufa.

Mwanahistoria akifika hapo huweka nukta, akaendelea na mengine. Mwandishi wa riwaya hana nafasi hiyo. Kazi yake inaanzia pale pale: lazima wale wawili wafungue midomo, na maneno yatakayotoka yatakuwa yake yeye.

Waswahili wana jina la kitendo hicho, nalo si la kusifu: kumlisha mtu maneno. Ukimlisha aliye hai, atakukana barazani mbele ya watu na mambo yatakwisha. Marehemu hana baraza. Ndiyo maana swali hili ni la dini kabla ya kuwa la fasihi. Amri inayokataza kumshuhudia jirani uongo haikusema kwamba jirani akifa ruhusa inapatikana. Katika mafundisho ya Kiislamu nako, haki ya mja haifutwi kwa toba peke yake. Sharti aliyedhulumiwa aridhie. Aliyemdhulumu maiti ataomba radhi kwa nani?

Elimu ya hadithi ilijengwa kwa hofu hii. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, hakutosheka na neno jema lililonasibishwa na Mtume. Alidai isnadi: nani kasikia kwa nani, kiungo kwa kiungo mpaka mwanzo. Neno lililokatikiwa na mnyororo, hata likiwa na hekima kiasi gani, lilirudi mlangoni.

Hata hivyo, pwani hii hii iliyolelewa na elimu hiyo ndiyo iliyotupa Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Bwana Mwengo wa Pate mwaka 1728. Utendi huo unasimulia vita vikali baina ya jeshi la Mtume na jeshi la Herekali, mfalme wa Warumi. Lakini msafara halisi wa Tabuk, ndiyo Tambuka ya utendi, wa mwaka 630, ulirudi Madina bila kukutana na jeshi hilo. Mapanga yale yote yalitoka katika visa vya wasimulizi na katika kipaji cha mtunzi. Kumwita Mwengo mwongo ni kumwonea. Desturi ya watunzi wa tenzi ni kuanza kwa jina la Mungu, kuagiza wino na karatasi, na mwishoni kumwomba atakayeona kosa alisahihishe. Mkono wa mtunzi uko wazi tangu ubeti wa kwanza, na msikilizaji anajua kwamba hapa pana mtu aliyeketi akatunga. Shahidi wa uongo hafanyi hivyo. Yeye huuficha mkono.

Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, aliuonyesha wake. Tamthilia yake ya Kinjeketile ilitoka mwaka 1969, mwaka mmoja baada ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam kutawanyika vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee wa Maji Maji. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe ni mtu aliyeishi kweli: mganga aliyepandwa na mzimu Hongo, akagawa dawa ya kujikinga na risasi, maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na punje za mtama. Hussein alimwongezea kitu kizito kuliko dawa hiyo. Alimpa shaka. Kinjeketile wa jukwaani anatetemeka akijiuliza kama neno alilolitamka ni la mzimu au ni lake mwenyewe, na mwishoni, wenzake wakiwa wamekwisha kushindwa, anakataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo. Kinjeketile wa kweli alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya pamba kung'olewa. Watu walipofyekwa na bunduki za mtombo mbele ya boma la Mahenge mwishoni mwa mwezi ule, yeye alikuwa kaburini.

Hussein hakudanganya: utangulizi wake unatahadharisha kwamba huyu ni kiumbe wake, si yule wa historia. Je, onyo hilo latosha? Halitoshi kabisa. Utangulizi hurukwa, mhusika hubaki, na wengi waliosoma tamthilia hii shuleni wanabeba shaka ile kana kwamba ilitoka Ngarambe. Lakini bila Hussein, wangeachiwa wale waliomnyonga Kinjeketile waandike wao alikuwa nani. Huo nao ungekuwa ulishaji wa maneno, tena wa adui.

Abdulrazak Gurnah amepita njia nyingine. Katika riwaya yake Afterlives ya 2020, vita ni vya kweli, jeshi la Wajerumani ni la kweli, ila Hamza, Afiya na Ilyas ni wa kubuni. Anayemjua Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari akiwa mtoto, akafundisha Kiswahili Berlin na kufa katika kambi ya Sachsenhausen mwaka 1944, atakiona kivuli chake nyuma ya Ilyas. Njia hii ni safi zaidi, maana Mahjub halishwi neno hata moja. Gharama yake ni kwamba msomaji anaweza kulia mpaka ukurasa wa mwisho bila kulisikia jina la Mahjub.

Turudi Nandete. Majina ya wale wawili hayakufika kwetu bure. Wazee waliyashika kwa midomo, miaka ikapita, mpaka akaja wa kuyaandika. Basi mnyororo upo, na ncha yake iko kwa watu wanaoishi kwenye milima ile hadi leo. Mwandishi anayetaka kuwasemesha Mandai na Machela anaweza kupanda huko na mswada wake mkononi, akaomba kikao, akausoma kwa sauti kuanzia pale walipoondoka nyumbani hadi shina la kwanza lilipong'oka, kisha akanyamaza asubiri mjukuu wa mmoja wao aseme kama babu yake angeweza kutamka hivyo.