Pampu Isiyolalamika

Swali la maadili linalonisumbua siku hizi nimelikuta mahali ambapo sikulitegemea: kwenye maelezo ya ufundi wa ndege ndogo. Mtu anayefunika udhaifu wa mwenzake kwa kumfanyia kazi kimyakimya, anamsaidia au anammaliza?

Chukua Piper Arrow, ndege ya Kimarekani ya injini moja iliyoingia sokoni mwaka 1967. Nyingi za zamani bado zinaruka. Ikishapaa, magurudumu yake hukunjwa ili yasikokote upepo. Kinachoyakunja ni mafuta yanayosukumwa na pampu ya umeme hadi kwenye silinda tatu, moja kwa kila mguu. Sasa ajabu yake ni hii: yakishapanda, hakuna ndoano inayoyashikilia huko juu. Yanabebwa na presha ya mafuta tu. Presha ikishuka, swichi inaiamsha pampu, inaunguruma kidogo, presha inarudi, kimya.

Miaka inakwenda, sili za mpira ndani ya silinda zinachakaa. Mafuta yanapenya kutoka upande mmoja wa pistoni kwenda wa pili. Huoni tone sakafuni, maana yanavujia humo humo ndani. Kinachobadilika ni pampu: inaamka mara moja moja, kisha mara kwa mara, kisha haipumziki. Rubani asipoangalia mshale wa mita ya umeme unavyorukaruka, atakuapia kwamba ndege ni nzima. Si magurudumu yako juu?

Pampu za namna hii ziko majumbani mwetu. Dada anayelipa madeni ya kaka yake kabla baba hajasikia. Karani anayebaki ofisini jioni kunyoosha hesabu alizovuruga bosi. Tunawaita wavumilivu, na kweli ni wavumilivu. Lakini kila wanaposukuma, ishara inafutika, na mwenye kuvuja anaendelea kuvuja akijiona mzima.

Halafu siku pampu inapoungua, lawama inamwangukia nani? Pampu! Fundi mwenye haraka anaweka mpya, anapokea hela yake, na ile mpya nayo inaanza kuhangaika vilevile. Fundi mwenye subira anainua ndege kwa jeki, anakunja magurudumu, kisha anasubiri. Anaziba njia za mafuta moja baada ya nyingine aone presha inashikilia wapi na inapotelea wapi. Anaikagua hata vali ya dharura, maana isipofunga sawasawa nayo hupitisha mafuta. Hatafuti wa kulaumiwa. Anatafuta mahali panapovuja, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Utaniambia: basi dada aache kulipa, kaka aaibike? Hapana, si hivyo. Ndege ikiwa angani, pampu na isukume. Huko si mahali pa kufundishana. Msaada wa kimya ni halali wakati wa dharura. Unaharibika pale dharura inapogeuka ratiba ya kila siku. Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakutuambia afanyeje yule anayeficha maradhi ya mwenzake.

Hapa ndipo ndege hii inaponifundisha zaidi. Presha ikiisha kabisa, magurudumu hayakwami juu. Yanashuka kwa uzito wake yenyewe, springi zikisaidia, na yakifika chini yanajifunga kwa vyuma, bila kuhitaji mafuta tena. Walioiunda walikubali mapema kwamba nguvu itaisha siku moja, wakahakikisha kwamba siku hiyo kitakachoanguka kitaangukia upande wa usalama.

Nyumba zetu je? Dada yule anaficha kwa sababu anajua ukweli ukishuka, kaka atafukuzwa na mama atalaumiwa. Kwake kuangusha si salama. Kwa hiyo siwezi kumtupia yeye mzigo wote wa ukweli. Nusu yake, pengine zaidi, ni ya baba: ajenge nyumba ambayo mtu akishindwa anaweza kushuka akatua. Mpaka hapo, kumwambia dada "acha kusukuma" ni rahisi mno kwetu sisi tulio chini, tunaoitazama ndege ikipita.