KIJANA UGENINI NA USO WA BABA YAKE

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye hakifichiki kwake kilicho gizani wala kilicho moyoni. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Watu wa pwani tangu kale wamezoea safari za bara. Njia ya misafara iliyotoka Kilwa Kivinje kwenda Ungoni na Ziwa Nyasa ilikanyagwa na babu zao zamani, kabla ya barabara ya lami. Hata leo wako wazazi wa Kilwa na Lindi wapelekao watoto wao Songea, huyu kusoma, huyu kumsaidia ami yake dukani. Mtoto hupewa nauli, na nguo, na Msahafu, kisha hupewa wasia mmoja: Usituaibishe. Basi yafaa kuuliza: Wasia huo watosha?

Ichukuliwe hali ya kijana wa miaka 15, na mfano wake ni wengi. Katika madhehebu ya Imam Shafi, aliyetimiza miaka 15 ya mwezi amekwisha baleghe, hata kama alama nyingine hazijaonekana. Hoja yake ni habari ya Abdallah bin Umar, ambaye alijitokeza kwenda vitani Uhud naye ana miaka 14, Mtume (S.A.W.) asimruhusu, akajitokeza tena siku ya Khandaq naye ana miaka 15, akamruhusu. Kwa hiyo yule ambaye baba yake angali akimwita mtoto, kalamu ya malaika imekwisha anza kumwandikia.

Kijana huyu alipokuwa kwao alikuwa na macho mia yakimtazama. Muuza kahawa amjua, mwadhini amjua, na bibi aketiye barazani amjua yeye na amjua babu yake. Akishika sigara njiani, habari hufika nyumbani kabla yake. Songea hajulikani, yeye ni mtu wa pwani, basi. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi ya huko ni kali, na maji ya udhu wa alfajiri huuma vidole, wala hapana mama wa kumgongea mlango. Kofia aliyoivaa juma la kwanza, juma la pili ameitia mkobani, kwa kuwa wenziwe waliicheka. Ukifika wakati wa ulanzi huitwa aonje, akaambiwa kuwa ni maji ya mwanzi tu. Na watu wa pwani wajua kwa tembo la mnazi jinsi kinywaji kinavyokuwa kitamu asubuhi na kulevya jioni. Tena iko simu mkononi mwake. Ndani yake mna kamari ya mpira, ambayo hata sheria ya nchi yawakataza walio chini ya miaka 18, na mna picha ambazo macho yakizizoea, moyo hupoa katika sala.

Usiku kijana huyu hulala akiwaza. Ameukataa ulanzi, lakini ajua sababu: ameogopa habari zisimfikie baba yake. Basi hujiambia: Kama simwogopi Mungu, bali namwogopa baba, wema wangu ni wa uongo. Je, si afadhali ninywe, niwe mkweli, kuliko kujizuia na kuwa mnafiki?

Wazazi wengi hawajui kuwa watoto wao huwaza mambo kama haya, na wakiyasikia huyaita utovu wa adabu. Kumbe ni swali la haki, na lapasa kupewa jawabu.

Jawabu ni hili. Wanavyuoni wamepambanua baina ya kutenda na kuacha. Udhu hausihi bila ya nia. Lakini nguo yenye najisi ikioshwa imetoharika, hata kama aliyeiosha hakunuia lolote, hata kama ni mvua iliyoiosha. Kuacha haramu ni kama kuondoa najisi. Aliyeacha ulanzi kwa haya ya baba yake hakuunywa, wala haandikiwi dhambi ya kuunywa. Alichokikosa ni thawabu ya kuuacha kwa ajili ya Mungu, na thawabu hiyo mlango wake u wazi, aweza kuingia kesho. Ama yule anywaye ili awe mkweli, huyo amechafua nguo safi kwa hoja kwamba hakuiosha mwenyewe. Huo si ukweli; ni wasiwasi wa Shetani, ambaye humwendea mwenye akili kwa njia ya akili.

Tena kijana huyu asidhaniwe kuwa moyo wake umeharibika kwa kutaka kuwa pamoja na wenziwe. Mji anaokaa wachukua jina la Songea Mbano, nduna wa Wangoni. Tarehe 27 Februari 1906, baada ya Wangoni kushindwa katika vita vya Maji Maji, Wadachi waliwanyonga viongozi wao zaidi ya sitini katika mji huo. Husimuliwa kuwa Songea mwenyewe aliachwa nyuma, naye hakutaka kusalia hali wenziwe wamekufa, akataka auawe kama wao; naye akanyongwa baadaye. Watu humsifu hata leo. Basi ile nguvu imfanyayo mtu aone kuwa kuachwa na wenziwe ni kubaya kuliko kifo, ndiyo hiyo hiyo imfanyayo mvulana aifiche kofia yake. Nguvu hiyo ameiumba Mwenyezi Mungu, na bila yake hapana jamaa wala sala ya jamaa. Haifai kuuawa, yafaa kuelekezwa. Kijana asiambiwe, Usiwe na rafiki. Aambiwe, Tazama ni nani unayemfuata. Wala asidhani kuwa wema u kwa Waislamu peke yao. Pengine aliyemwonyesha kamari aitwa Abdallah, na aliyemwambia, Acha, mama yako ana shida ya pesa hizi, ni Mngoni aendaye kanisani.

Mtume (S.A.W.) ameonyesha namna ya kusema na kijana. Imam Ahmad amepokea kwa Abu Umama kuwa alikuja kijana akaomba ruhusa ya kuzini. Watu wakamkemea. Mtume hakumkemea, alimsogeza karibu, akamwuliza kama angeridhia jambo hilo kwa mama yake, kisha kwa binti yake, kisha kwa dada yake, kisha kwa shangazi yake, kisha kwa mama yake mdogo. Na killa mara kijana alikataa, akaambiwa kuwa watu nao hawaridhii kwa jamaa zao. Kisha Mtume akamwekea mkono, akamwombea. Tazama basi: hakumtisha kwa aibu ya watu. Aliichukua mapenzi ya nyumbani kwake, akayafanya mizani ya kupimia haki za watu wote. Hiyo ni elimu ambayo kijana aweza kusafiri nayo. Aibu ya mtaani husalia mtaani.

Na iko habari kubwa kuliko hiyo. Nabii Yusuf (A.S.) alikuwa kijana, ugenini, mbali na baba yake, katika nyumba iliyofungwa milango. Mwenyezi Mungu ametueleza katika Kurani kuwa kilichomwokoa ni kuiona hoja ya Mola wake. Wafasiri wamehitilafiana juu ya hoja hiyo. Na baadhi yao wamepokea kuwa alionyeshwa sura ya baba yake, Yaakub, akiuma kidole. Wallahu aalam. Lakini wenye kupokea hivyo hawakuona ajabu kuwa uso wa baba uwe hoja ya Mungu. Kwa kuwa Yaakub alikuwa baba ambaye mwanawe hakupata kumwona ila katika kumtii Mola wake.

Hapa ndipo swali linapogeuka. Liliulizwa kwa mtoto: Je, haya ya baba yatosha? Sasa laulizwa kwa baba: Mlango ukifungwa Songea, na uso wako ukamjia mwanao, ni uso gani atakaouona? Ni wa yule aliyemwambia, Mgeni akibisha sema sipo? Ni wa yule apunjaye mizani dukani, kisha akaketi safu ya mbele msikitini? Ni wa yule ambaye neno lake la mwisho stendi ya mabasi lilikuwa juu ya jina la ukoo, wala Mungu hakutajwa? Ukiwa huo, mwana ataogopa kufumaniwa tu. Na siku atakapojua kuwa hafumaniwi, hatakuwa na la kumzuia.

Basi ampelekaye mwanawe bara ampe nauli na Msahafu, na amwulize anayoyawaza, amsikilize bila ya kumkemea. Na kabla ya hayo autengeneze uso ambao mwanawe atasafiri nao.

Mwenyezi Mungu awahifadhi vijana wa Kiislamu walio ugenini, na awajaalie baba zao kuwa hoja ya kheri kwao. Amin.