Mizani na Hukumu

Katika Kiswahili cha Dar es Salaam mtu aliyenenepa husifiwa kuwa amepata afya, na aliyekonda huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa. Kauli hii haikuzuka bure. Wazee wetu waliona njaa, wakaona homa, wakajua ya kwamba mwili mnene ulikuwa ushahidi wa chungu kilichojaa. Tena, baada ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini kutambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, wembamba ulizidi kutisha. Katika nchi jirani ya Uganda maradhi hayo yaliitwa silimu kwa sababu ya kukondesha. Mtu aliupenda unene ili ulimi wa jirani usimfikie.

Leo, Mbezi Beach, upepo umegeuka. Alfajiri ya Jumapili makundi ya watu hukimbia kando ya Barabara ya Bagamoyo, na wengine mchangani ufuoni, wakiukimbia unene ule ule uliosifiwa na mama zao. Vijana wenye mizani hupita mitaani na kumpima mtu kwa shilingi chache. Anayeshuka kwa furaha huonekana mwenye busara. Anayeshuka kwa huzuni huonekana mlafi. Hapa yamechanganywa maswali mawili. Je, uzito ni kipimo cha siha? Na je, uzito ni kipimo cha tabia?

Swali la kwanza lina jibu la nusu. Hapana shaka uzito uliozidi, hasa mafuta yaliyokusanyika tumboni, huongeza hatari ya kisukari, shinikizo la damu, maradhi ya moyo na baadhi ya saratani, na hulemea magoti. Akanaye hayo hujidanganya. Lakini kipimo kinachotumiwa mno, cha kugawa kilo kwa mita za urefu zilizozidishwa kwa zenyewe, kilitokana na Adolphe Quetelet, Mbelgiji, mtaalamu wa hesabu na nyota, katika miaka ya 1830. Yeye alitafuta wastani wa watu wengi. Hakuwa tabibu wa mtu mmoja. Mwanamke wa kilo 64 na urefu wa mita 1.60 hupata 25, akaingia katika safu ya waliozidi uzito. Hesabu hiyo haijui kama kilo zake ni misuli ya kubeba ndoo za samaki au ni mafuta ya kukaa kitini. Haijui damu yake wala usingizi wake. Nyumba njema si mlango.

Mama yangu mdogo anaishi Mbezi Beach, naye alikuwa mnene. Kila alipokwenda kwa tabibu, kwa goti au kwa kichwa, alijibiwa neno moja: punguza mwili. Neno lilikuwa la kweli, lakini lilisemwa kabla hajapimwa, tena kwa kicheko. Akaacha kwenda. Shinikizo lake la damu lilijulikana siku alipopooza upande mmoja. Kaka yake, mjomba wangu, mwembamba kama ufito, aliyesifiwa katika kila arusi kwa kujitunza, aliishi miaka mingi na kisukari asichokijua, kwani hakuna aliyemshuku. Mmoja alihukumiwa na mizani, mwingine akaachiliwa nayo, na wote wawili hawakutibiwa.

Swali la pili ni zito zaidi. Watu husema: mdomo ni wake, miguu ni yake, alaumiwe nani? Maneno haya yana haki kidogo. Mwili ni amana, na mwenye amana ana wajibu. Lakini wajibu hauwi sawa ambapo njia si sawa. Akaaye ufuoni ana mchanga wa kukimbilia na saa ya kukimbia. Mtumishi wake hutoka kwake gizani, akasimama katika daladala, akala mlo wa wanga na mafuta kwa sababu ni rahisi na hushibisha. Urithi nao hugawa miili pasipo kuuliza. Uchunguzi wa taifa wa miaka 2015 na 2016 ulionyesha ya kwamba wanawake 28 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walizidi uzito, hali watoto 34 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Je, tutasema ya kwamba zaidi ya robo ya mama zetu walikosa maadili kwa wakati mmoja?

Msomaji atasema: tukiondoa lawama tutaondoa juhudi. Sidhani. Aibu ilimfukuza mama yangu mdogo mlangoni pa tabibu. Haikumtembeza hata hatua moja. Kimtembezacho mtu ni njia salama ya miguu, chakula chema kwa bei anayoimudu, na neno la kweli lisilo na dharau. Tena mwendo humfaa hata yule ambaye kilo zake hazishuki, maana moyo wake huimarika. Jambo hilo mizani haiwezi kulionyesha.

Basi mizani ipewe kazi yake: imwonyeshe tabibu pa kuanzia kutazama, isimwonyeshe jirani pa kuanzia kudharau. Mama yangu mdogo hutembea sasa kwa mkongojo. Amepungua sana, na wapo wanaompongeza.