Msimwache Mlangoni



Neno letu liko katika Injili ya Marko, sura ya 2. Mnamjua yule mwenye kupooza wa Kapernaumu. Watu wanne walimbeba, wakakuta mlango umeziba kwa umati. Wangeweza kumlaza barazani wakarudi makwao. Lakini walipanda juu ya nyumba, wakafungua paa, wakamshusha hadi mbele ya Yesu. Naye Yesu akaitazama imani ya hao wabebaji.

Wabebaji wa leo ni ninyi, manesi na wasaidizi wa uuguzi mnaotunza wazee Marekani, kutoka Lowell hadi Minneapolis. Nchi hiyo ina wazee zaidi ya milioni 1 katika makao ya uuguzi, na mikono yenu imo kati ya inayowaosha na kuwalisha. Mnaijua saa nane ya usiku: manesi wachache, daktari yuko kwenye simu tu, na bibi aliyekuwa akipiga soga jana leo hajui yuko wapi. Joto lake ni la kawaida, lakini mzee huweza kuwa na maambukizi makali asipate homa!

Basi usinyamaze! Mpigie daktari. Akisita, mweleze tena. Msaidizi akikwambia, "Leo huyu hayuko sawa," msikilize, maana yeye ndiye amwoshaye kila asubuhi.

Na ukishapiga 911 ili apelekwe hospitali, usikae. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau hawezi kujieleza. Nani atawaambia wa idara ya dharura kwamba aliyeanguka na kugonga kichwa anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda? Nani atasema kwamba juzi alitembea mwenyewe hadi mezani? Andika! Andika dawa zake, mzio wake, akili yake ilivyo siku zote, kilichobadilika na saa kilipoanza, na simu ya mwanawe. Mfungashie miwani, meno ya bandia na kifaa cha kusikia. Kisha mpigie nesi wa hospitali, umpe mambo manne kwa mpangilio: kinachotokea sasa, historia ya mgonjwa, unavyoiona hali yake, na unachoomba. Akikukaripia, "Mbona mnatuletea huyu?", mjibu kwa habari kamili.

Lakini sikieni na hili! Wako wazee waliosema wakiwa na akili timamu kwamba hawataki tena kukimbizwa hospitali, wakatia sahihi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayataka makao ya uuguzi yamweleze kila mzee haki yake ya kuandika mapenzi yake. Kumpakia mzee wa namna hiyo kwenye ambulensi kwa kuogopa kushtakiwa, au kwa kuwa jamaa wanapiga kelele, ni kumdhulumu. Lisome faili lake kabla king'ora hakijalia. Kaeni na wanawe siku ya utulivu, mwulizane baba anataka nini.

Ndugu zangu, mzee huyo ana jina, na ana Mungu anayemjua. Mkiingia zamu usiku huu, jiulizeni: akipelekwa leo, habari zake ziko tayari? Kama haziko, anzeni kuziandika kabla zamu haijaisha. Amina.