Sabuni Kwanza au Sala Kwanza?



Kwaresima iliyopita vijana wa parokia tulitembelea wagonjwa hospitalini. Tulibeba sabuni na sukari. Mpango ulikuwa tuimbe, tusali, halafu ndiyo tugawe. Bibi mmoja Mwislamu akanishika mkono: "Mjukuu wangu, nisipoitikia hiyo sala yenu, sabuni nitapata?"

Jamani, niliona aibu. Kwa mpango ule hata mimi sikuwa na jibu.

Baba Mtakatifu Benedikto wa 16 alishaligusa hili katika waraka wake Deus Caritas Est, mwaka 2005: upendo ni bure, hautumiki kama chambo cha kuvutia watu kwenye dini, na kuna wakati wa kumtaja Mungu na wakati wa kunyamaza. Nilikuwa nadhani hayo ni ya mapadre.

Ila kunyamaza nako kuna ujanja wake. Mimi chuoni hunyamaza sana kuhusu imani yangu, na wala si kwa kuheshimu watu. Naogopa kuchekwa tu, halafu najiambia ni busara.

Basi siku ile nilimpa bibi sabuni yake kabla ya wimbo wowote, nikachukua khanga zake mbili nikazifua bombani. Niliporudi kutoka kuzianika akauliza, "Nani kakutuma?"

Koo likanikauka kidogo. "Yesu, bibi."

Akanitazama, akatabasamu. "Jumamosi utakuja tena?"

Nilikwenda.